Kuketi mezani na usimamizi wa chuo: mwongozo kwa viongozi wapya wa tawi la wahadhiri

Hongera kwa kuchaguliwa. Najua simu yako haijanyamaza tangu matokeo yatangazwe, na kila anayepiga anauliza swali moja: nyongeza inakuja lini? Usimjibu bado. Mimi nafundisha takwimu katika chuo kikuu cha umma hapa Pwani, makao yangu Mombasa, na nimelitumikia tawi letu la UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, kama mweka hazina, kisha kama katibu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayotaka kila kiongozi mpya ayajue kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu asipoyajua, anayeumia si yeye. Anayeumia ni mhadhiri msaidizi wa Mtwapa aliyetoa nauli mfukoni mwake kwenda kusimamia wanafunzi Taveta na hajarudishiwa hadi leo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Asilimia ya nyongeza ndiyo inayopigiwa kelele, lakini mwanachama huishi kwa maneno ya kifungu. Kifungu kisichotaja nani atafanya, kiasi gani na lini, hakimsaidii mtu hata kikipigwa muhuri wa dhahabu. Kazi yako yote, kuanzia barua ya kwanza hadi siku ya kutia sahihi, ni kuvipata hivyo vitatu viandikwe.

Jua meza yako ni ipi

Mishahara ya msingi, marupurupu ya nyumba na ya usafiri hujadiliwa Nairobi, kati ya makao makuu ya chama na IPUCCF, jukwaa linaloyasemea mabaraza ya vyuo vikuu vya umma. Mikataba hiyo ya kitaifa, ambayo sote twaiita CBA, huenda kwa mizunguko ya miaka minne: 2013 hadi 2017, 2017 hadi 2021, 2021 hadi 2025. Tawi hufika kwenye meza hiyo kupitia wajumbe wake tu.

Lakini tawi lina meza yake lenyewe: mkataba wa ndani, baina yenu na baraza la chuo chenu. Hapo ndipo panapoamuliwa mzigo wa kufundisha, idadi ya wanafunzi darasani, malipo ya vipindi vya ziada, likizo ya utafiti, utaratibu wa kupandishwa vyeo, posho ya kusimamia mafunzo ya nyanjani, punguzo la karo kwa watoto wa wafanyakazi. Viongozi wengi huipita meza hii mbio wakikodolea macho Nairobi. Mimi naiheshimu sana. Mhadhiri anaweza kungoja CBA ya kitaifa miaka, lakini darasa la wanafunzi mia tatu lenye kipaza sauti kibovu analo Jumatatu asubuhi.

Usizichanganye meza hizi. Ukidai nyongeza ya mshahara wa msingi mbele ya baraza la chuo, mwenyekiti atakujibu kwamba hilo si lake, na atakuwa sahihi, nawe utakuwa umepoteza kikao. Upande wa pili, usikubali kuambiwa "hilo ni la Nairobi" juu ya jambo linaloweza kuamuliwa na mkuu wa idara akiwa ofisini kwake.

Lipo jambo moja la kitaifa ambalo sisi wa Mombasa tuna wajibu wa kulibeba, nalo ni nyumba. Katika utumishi wa umma, marupurupu ya nyumba hupangwa kwa makundi ya miji. Nairobi iko juu peke yake, Mombasa iko katika kundi linalofuata. Wajumbe wenu wakienda kulilalamikia mikono mitupu, watasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa. Wapeni mikataba ya kodi ya wanachama wa Bamburi, Likoni, Changamwe na Kizingo. Wapeni na risiti za maji ya malori na mitungi, maana mpangaji wa Mombasa hulipa kodi, halafu hununua maji. Karatasi hizo zisemeshwe mbele ya meza.

Omba hesabu kabla hujaomba pesa

Barua ya kwanza usiitumie kudai. Itumie kuomba habari. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kukipa chama habari zote zinazohitajika ili kiweze kujadiliana ipasavyo. Kitaje kifungu hicho ndani ya barua. Omba idadi ya wahadhiri kwa kila cheo, jumla ya mishahara ya mwezi, orodha ya walimu wa muda na vipindi walivyofundisha, maombi ya kupandishwa vyeo yanayosubiri pamoja na tarehe yalipopokelewa, na mapato ya karo. Halafu omba jambo ambalo wengi hulisahau: tarehe ambazo makato yaliyokatwa kwenye mishahara yaliwasilishwa kunakohusika, yaani pensheni, Sacco na bima.

Hilo la mwisho lina uchungu kwangu. Mwenzetu mmoja alipigiwa simu na Sacco yake kuambiwa mkopo umelala, ilhali hati yake ya mshahara ilionyesha amekatwa kila mwezi bila kukosa. Wadhamini wake, wahadhiri wenzake, wakaanza kuangaliwa akiba zao. Watu waliokuwa wakinywa chai pamoja wakawa hawatazamani. Pesa zilikatwa, hazikupelekwa. Tulipoleta mezani tarehe za kukatwa na tarehe za kuwasilishwa, zikiwa safu mbili zilizokaa ubavuni kwa ubavu, hakuna aliyetubishia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la chama lazima liwe safi kuliko la mwajiri.

Barua ipeleke kwa mkono hadi ofisi ya Naibu Chansela, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakinyamaza, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la raia. Wakati unangoja, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kila chuo cha umma hukaguliwa, ripoti hutolewa hadharani, na ndani yake utakuta madeni na makato ambayo hayajawasilishwa. Afisa wa fedha anaweza kubishana nawe siku nzima. Na ripoti ya Mkaguzi Mkuu hatabishana kwa muda mrefu.

Hesabu ya miaka yote, si ya siku ya sherehe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vyama hupoteza pesa huku wanachama wakishangilia.

Chukua mhadhiri mwenye mshahara wa msingi wa Sh100,000. Tuseme usimamizi una mapendekezo mawili ya miaka minne. La kwanza ni asilimia 28, nusu yake ianze mwaka wa tatu na nusu mwaka wa nne. La pili ni asilimia 20 kuanzia mwezi wa kwanza. Ukiyasoma kwenye kikao cha wanachama, ukumbi utapigia makofi 28. Sasa piga hesabu. Pendekezo la kwanza halimpi kitu kwa miaka miwili, kisha Sh14,000 kwa mwezi mwaka wa tatu na Sh28,000 mwaka wa nne. Jumla, Sh504,000. La pili linampa Sh20,000 kila mwezi kwa miezi 48, yaani Sh960,000. Ni karibu maradufu. Kweli, mshahara wake mwisho wa mkataba utakuwa Sh120,000 badala ya Sh128,000, na hilo lina uzito kwa pensheni na kwa mkataba utakaofuata. Liseme wazi. Lakini mwanachama anayestaafu mwaka wa pili hapati hata senti moja kwenye lile la kwanza, naye ana haki ya kulijua hilo kabla hajapiga kura.

Linganisha pia na asilimia 7 kila mwaka. Wengine watakwambia ni 28 ile ile. Siyo. Kila nyongeza huja juu ya nyingine: Sh107,000, kisha Sh114,490, kisha Sh122,504, na mwaka wa nne Sh131,080. Ni zaidi ya asilimia 31, na katika miaka minne humletea mhadhiri kama Sh900,000. Jedwali la namna hii liwe kwenye karatasi moja, kwa kila cheo kuanzia mhadhiri msaidizi hadi profesa. Ligawe kwa wanachama. Watu wazima wenye shahada hawahitaji kuamuliwa, wanahitaji kuonyeshwa.

Kisha waonyeshe kitakachofika mfukoni. Mhadhiri aliye katika daraja la kodi la asilimia 30 akiongezwa Sh10,000, kwanza inatoka bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, ambayo ni Sh275. Inatoka tozo ya nyumba, asilimia 1.5, Sh150. Kinachobaki, Sh9,575, kinatozwa kodi ya asilimia 30, kama Sh2,872. Anabakiwa na takriban Sh6,700, na pensheni bado haijakatwa. Usipolisema hili mapema, mwezi wa kwanza wa nyongeza wanachama watakuja kukuuliza nani ameila tofauti.

Fanya pia hesabu ya mwajiri. Wahadhiri 200 wakiongezwa Sh10,000 kila mmoja ni Sh24,000,000 kwa mwaka. Mwajiri analipa tozo ya nyumba ya upande wake, Sh360,000, na kama huchangia pensheni asilimia 10, kuna Sh2,400,000 nyingine. Jumla Sh26,760,000. Ukiingia kikaoni ukiwa na tarakimu hiyo, iliyopigwa kwa ukamilifu na bila kufichwa, afisa wa fedha atakuheshimu hata kama hakupendi.

Kwa mfumuko wa bei tumia takwimu za kila mwezi za KNBS, shirika la taifa la takwimu, si hisia za sokoni Kongowea. Kongowea twende kununua viazi. Mezani twende na faharasa ya bei.

Kalenda ya Hazina ndiyo kalenda yako

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Chuo nacho hupeleka mahitaji yake kabla ya hapo. Dai linalohitaji pesa mpya likiwasilishwa Mei, utaambiwa fedha hazimo kwenye bajeti, na ni kweli hazimo. Peleka mapendekezo yako ya pesa Septemba au Oktoba, ili yawe na tarakimu kabla ya Desemba. Mambo yasiyohitaji pesa mpya, kama utaratibu wa kupandishwa vyeo, jadilini mwezi wowote.

Kikaoni

Timu ya watu watano inatosha: msemaji mmoja, mtu wa hesabu, mwandishi wa kumbukumbu, mtu wa sheria, na mmoja wa vyeo vya chini ambaye bado anaishi shida mnayoisemea. Wa mwisho huyo usimwache kwa sababu ya umri. Profesa aliyesahau lini mara ya mwisho alisahihisha karatasi 400 peke yake hawezi kulieleza jambo hilo kama yule aliyezimaliza jana usiku.

Kikao cha kwanza kiwe cha taratibu tu: mtakutana lini, nani anaandika kumbukumbu, zinathibitishwa vipi, nani ana mamlaka ya kukubali. Uliza swali hilo la mwisho kwa adabu na usiondoke bila jibu. Kuna timu za usimamizi zinazotumwa kusikiliza tu, kisha baada ya miezi mitatu wanakwambia baraza halijaamua. Vikao visipangwe Ijumaa adhuhuri, wala jioni za Ramadhani. Mtu anayetazama saa ya swala au ya kufuturu anaweza kukubali kifungu asichokisoma, na hilo ni kweli kwa pande zote mbili.

Anaongea msemaji. Wengine wakiwa na jambo, wanaandika kwenye karatasi na kuisogeza. Likizuka jambo ambalo hamkulizungumza nyumbani, omba mapumziko, mtoke nje mkashauriane. Usimamizi usione mnatofautiana.

Heshima usiiache mlangoni. Hawa ni watu mtakaokutana nao mazikoni na harusini, wengine walikufundisha, wengine utawafundishia watoto. Mezani kwetu mazungumzo yalikuwa hivi:

"Bi. Katibu, mimi sikatai, lakini fedha hakuna."

"Nimekusikia, Bwana Mhasibu. Hakuna mwezi huu, au hakuna mwaka huu?"

"Mwezi huu hakuna."

"Basi tuandike mwezi ambao zitakuwepo."

Hakukuwa na kelele. Aliposema mwezi, mwandishi wetu aliuandika, na ukaingia kwenye kumbukumbu. "Hakuna" ni jibu linalofunga mazungumzo, tarehe huyafungua. Kila ukiambiwa hakuna, uliza lini. Ukiambiwa tutaangalia, uliza nani ataangalia. Kumbukumbu zitiwe sahihi mwanzoni mwa kikao kinachofuata, kabla ya jambo lingine lolote.

Kuandika kifungu

Msiruhusu usimamizi peke yake uandike rasimu. Anayeandika ndiye anayechagua maneno, nawe utatumia nguvu zako zote kuyaondoa. Njooni na rasimu yenu.

Hiki ni kifungu cha aina ninayokutana nayo kila mara: "Chuo kitajitahidi kuwalipa wasimamizi wa mafunzo ya nyanjani kwa wakati, kulingana na upatikanaji wa fedha." Kisome tena. Nani atalipa? Chuo, yaani hakuna mtu. Kiasi gani? Hakijasemwa. Lini? Kwa wakati. Na hata hayo yote yakitimia, mwisho wa sentensi umeacha mlango wa nyuma wazi.

Sasa kiandike hivi: "Afisa Mkuu wa Fedha atamlipa kila msimamizi wa mafunzo ya nyanjani nauli na posho, kwa viwango vilivyo katika Jedwali la 2, siku 5 za kazi kabla ya safari. Mhadhiri ambaye hajalipwa kufikia siku hiyo hatalazimika kusafiri, na hatachukuliwa hatua ya nidhamu kwa sababu hiyo." Kifungu hiki kina mtu, kina jedwali, kina siku, na kina matokeo ikiwa siku itapita. Mhadhiri wa kutoka kisiwani kwenda Voi, Lunga Lunga au Lamu hakopi tena kwa jirani ili aende kazini.

Kupandishwa vyeo kuandikwe kwa namna hiyo hiyo. "Maombi yatashughulikiwa haraka" hayana maana. Andikeni: ombi litapewa nambari siku linapopokelewa, mkuu wa kitivo atalipeleka kwa wakaguzi wa nje ndani ya siku kadhaa mtakazokubaliana, mwombaji atapewa jibu la maandishi lenye sababu, akifaulu, mshahara mpya utahesabiwa kuanzia tarehe ile ombi lilipokamilika, si tarehe ya kikao cha kamati. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa. Bila yake, kila mwezi ambao kamati haikai ni mwezi ambao chuo kinaokoa pesa.

Kwa makato: "Afisa Mkuu wa Fedha ataiwasilisha kila shilingi iliyokatwa kwa ajili ya pensheni, Sacco na bima, na kukipa chama uthibitisho wa malipo kila mwezi." Weka tarehe ya mwezi. Ongeza kwamba faini au riba itakayotokana na kuchelewa itabebwa na chuo, si mwanachama.

Penye pesa za kulipwa kwa awamu au malimbikizo, ambatisha jedwali: jumla ya deni, idadi ya awamu, kiasi cha kila awamu, tarehe. Pande zote mbili zitie sahihi kwenye kila ukurasa wa jedwali. Tumeona nchi nzima yanayotokea pande mbili zikitaja madeni tofauti kwa mkataba mmoja. Ubishi juu ya kilichobaki cha CBA ya 2017 hadi 2021 uliendelea hadi mgomo wa siku 49, kuanzia tarehe 17 Septemba hadi 5 Novemba 2025, uliomalizika kwa makubaliano ya kulipa Sh7.9 bilioni kwa awamu mbili. Wanafunzi waliokaa nyumbani siku hizo ni wanafunzi wangu. Kwa ajili yao peke yao, jedwali linastahili jioni moja zaidi ya kazi.

Wanachama wasipate habari kwa uvumi

Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, reli na wengine wengi wa Mombasa waliacha kazi. Walikuwa wakikusanyika Kiwanja cha Maskini kusikia hali ilivyo, na kiongozi aliyejitokeza, Chege Kibachia, alizungumza nao ana kwa ana. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda jopo la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, lililotoa nyongeza. Kibachia mwenyewe alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mji huu umelipia haki ya kujadiliana kwa pamoja, ambayo leo imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010.

Nasi tuna WhatsApp, lakini ukimya wa siku mbili hujazwa na fununu. Kila baada ya kikao, jioni ile ile, toa taarifa ya sentensi tano: kilichozungumzwa, kilichokubaliwa, kilichobaki, kikao kijacho lini, nani wa kuulizwa. Usitaje nani wa upande wa pili alisema nini. Na kabla ya sahihi yoyote, ita mkutano mkuu wa tawi, soma vifungu kimoja kimoja, pigeni kura. Mkataba ambao wanachama waliukuta umeshatiwa sahihi utatetewa na wewe peke yako.

Mkikwama

Mgomo ni haki, na siuogopi. Lakini una ngazi zake, na ukiruka moja mwajiri atapata amri ya mahakama asubuhi inayofuata. Ripoti mzozo kwa Waziri wa Leba kwa maandishi. Sheria inampa siku 21 kuteua mpatanishi, naye mpatanishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, labda mkubaliane kuongeza. Akishindwa, toeni ilani ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri, itiwe sahihi na mwenye mamlaka katika chama. Mgomo uliofuata ngazi hizi unalindwa. Mwanachama hawezi kufukuzwa kwa kushiriki. Hata hivyo mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku ambazo hamkufanya kazi. Mwambie kila mtu hivyo kabla ya kura ya mgomo, hasa wenye mikopo na karo za watoto. Anayeingia akijua gharama hatoki katikati.

Wakili mtafuteni siku ya kuripoti mzozo. Msingoje hati za mahakama zifike.

Mkisuluhishana, makubaliano ya kurejea kazini nayo ni mkataba. Yaandikwe kwa masharti yale yale ya nani, kiasi gani na lini, na yaseme hakuna atakayeadhibiwa kwa kugoma, na masomo yaliyopotea yatafidiwa kwa ratiba gani. Madarasa mawili ya saa tatu kila Jumamosi ni kazi, nayo ijadiliwe.

Sahihi, SRC na mahakama

Vifungu vyenye pesa katika chuo cha umma hupitia Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Walimu waliliona hili mwaka 2015, pale Mahakama ya Rufaa ilipofuta nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyokuwa wamepewa na mahakama ya chini, suala mojawapo likiwa nafasi ya tume hiyo. Kwa hiyo mwajiri aombe ushauri wa SRC mapema, nawe omba nakala ya barua aliyoandika. Katiba imeipa tume vigezo vyake: uwezo wa taifa kulipa, kuvutia na kubakisha wenye ujuzi, tija, uwazi na haki. Andika utetezi wako ukivifuata, kimoja baada ya kingine. Idadi ya wahadhiri walioacha kazi kwenu na walikokwenda itasema mengi kwenye kigezo cha kubakisha wenye ujuzi.

Gawanya mkataba ikibidi. Vifungu visivyogusa pesa mpya visicheleweshwe na vile vinavyongoja SRC.

Baada ya sahihi, mkataba upelekwe kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 14 ili usajiliwe. Mahakama hiyo ina kituo hapa Mombasa. Ni wajibu wa mwajiri kuupeleka, na asipofanya, chama kinaweza kuupeleka chenyewe. Usilale juu ya hili: mkataba huanza kutekelezeka kisheria ukisajiliwa, na kuanzia hapo masharti yake huwa sehemu ya ajira ya kila mhadhiri anayehusika.

Ukirudi na nakala iliyosajiliwa, toa vifungu vyote vyenye tarehe na uvipange kwenye kalenda moja, kila tarehe ikiwa na jina la afisa anayehusika upande wao na mwanachama anayefuatilia upande wenu. Wiki moja kabla ya kila tarehe, mwanachama huyo aandike barua fupi ya kukumbusha, ya adabu, yenye nambari ya kifungu. Tarehe ikipita bila utekelezaji, barua ya pili iende siku inayofuata, nakala kwa mwenyekiti wa baraza. Zote zihifadhiwe katika jalada moja ofisini kwa katibu, kwa sababu katibu atakayekuja baada yako ataanza mazungumzo yake kwa kulifungua.